Kifaranga anaachama mdomo, maswali yenu ya wiki hii

*Makoo wangu wazima kabisa, ila vifaranga wana wiki tano, wananyoosha shingo wanaachama mdomo halafu wanatikisa kichwa. Ndo mdondo huu? (Pongwe)*

Mama angu, huku Tanga kuku akisinzia tu, mdondo! Mdondo ukiingia unafagia wakubwa kwa wadogo, sasa wewe unasema makoo wanadunda ila vifaranga ndo wanakabwa, mi nawaza minyoo ya koo la hewa. Akifa mmoja usimtupe, chukua wembe umpasue koo la hewa kwa urefu. Mi nilimpasua wangu juu ya mfuko wa pumba nikakuta vijinyoo vyekundu kama nyuzi zilizochovywa damu, kila kimoja kina umbo la Y, kumbe pale ni wawili, kadume kadogo kamejigandisha kwa jike na hawaachani tena. Jike anafika sentimita 2 hivi, na koo lenyewe jembamba kuliko mrija wa soda, hewa ipite wapi?

*Dukani niuliziaje, unaitwaje kwa Kiswahili? (Muheza)*

Sema minyoo ya koo la hewa, na useme kuku anaachama. Kitaalamu ni Syngamus trachea, hilo la kwanza limetoka kwenye Kigiriki, kuoana, kwa ajili ya ile Y. Ila chonde usiseme mafua maana ukisema mafua utapewa antibayotiki, na antibayotiki haiui mnyoo, utarudi kesho na hela imeisha na vifaranga wamepungua.

*Nawalisha chenga tu, wameitoa wapi? (Pangani)*

Kwenye nyungunyungu. Kuku mgonjwa anakohoa mayai ya minyoo, anayameza, yanatoka kwenye kinyesi, nyungunyungu na konokono wanayala, na ndani ya nyungunyungu kile kijinyoo kinaweza kukaa hata zaidi ya miaka 3. Masika ikinyesha, nyungunyungu juu, vifaranga wanagombania. Kwa hiyo hao wadogo wafungie pakavu.

*Pilipili kwenye maji je? (Chumbageni)*

Utawawasha bure. Dawa ni fenbendazoli au levamisoli, kipimo kwa uzito, muulize afisa mifugo wa kata, na mayai usile mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

*Naweza kuwachanganya na bata mzinga? (Korogwe)*

Hapana. Bata mzinga mkubwa anaweza kuwa na minyoo hii kooni na anatamba tu uani kama mzima, kumbe anawaambukiza vifaranga.