Filamu za kupona baada ya maafa: uliza janga linatokea dakika ya ngapi

Nikiletewa filamu inayosemekana inahusu manusura wa tetemeko, mafuriko au kimbunga, swali langu la kwanza ni hilo: janga lenyewe linatokea dakika ya ngapi? Likitokea karibu na mwisho, baada ya saa nzima ya wataalamu kupiga kelele bila kusikilizwa, hiyo ni filamu ya maafa. Ina raha yake, siipingi, lakini usiiite ya kupona. Ya kupona huanza maji yakishapwa, au hulimaliza janga mapema ili ibaki na muda wa kushughulika na walio hai.

Nasema hivi kwa sababu nilipitia mafuriko utotoni. Usiku wa maji ulikuwa mfupi. Kirefu kilikuwa kilichofuata: foleni ya mablanketi, tope lililoganda ndani ya kabati, vyeti vilivyogeuka uji, na watu wazima kugombana kwa sauti za chini wakidhani watoto tumelala. Filamu isiyo na hata kimoja cha namna hiyo naitilia shaka.

Chukua The Impossible (2012) ya J.A. Bayona. Imetokana na mkasa wa kweli wa familia ya Mhispania María Belón, iliyokumbwa na tsunami ya Bahari ya Hindi nchini Thailand tarehe 26 Desemba 2004, ingawa kwenye filamu familia hiyo imefanywa ya Waingereza. Wimbi linapiga mapema, na limetengenezwa kwa ustadi wa kukukausha koo. Ila angalia inapoishia: familia imepanda ndege, inaondoka. Tsunami ile iliua watu zaidi ya 220,000, na wengi wa waliofiwa hawakuwa na ndege ya kuwaondoa. Walibaki palepale, na kwao filamu ingekuwa ndiyo kwanza inaanza. Itazame kwa ajili ya mama na mwanawe, wameigiza vizuri sana, lakini usitarajie ikufundishe maisha ya mwezi wa tatu baada ya wimbi.

Ninayoipenda kuliko zote ni And Life Goes On (1992) ya Mwirani Abbas Kiarostami. Juni 1990 tetemeko liliangusha vijiji vingi vya kaskazini mwa Iran, na ni katika eneo hilo alikokuwa amepiga filamu yake ya 1987 kuhusu mtoto anayehangaika kumrudishia mwenzake daftari. Hapa tunamfuata mwongozaji mmoja na mwanawe mdogo ndani ya gari, wakiwatafuta watoto walioigiza filamu ile. Tetemeko lenyewe hulioni hata sekunde moja. Unaona barabara zilizopasuka, watu wanaofukua vifusi, kijana aliyeoa mara tu baada ya kufiwa na jamaa chungu nzima, na bwana mmoja anayesimamisha antena ili watu wa kwenye mahema waone mechi ya Kombe la Dunia. Anaulizwa inakuwaje kutazama mpira katikati ya msiba. Naye amefiwa, lakini Kombe, anajibu, huja mara moja kwa miaka minne.

Kipande hicho nimewaonyesha watu wengi. Ambao hawajawahi kupoteza nyumba huguna, wakaona ni kukosa adabu. Waliowahi hucheka. Baada ya mafuriko yetu kuna redio iliyofunguliwa ikaanikwa juani vipande vipande, na siku ilipokoroma tena watu walitoka kila upande kuja kuisikiliza, wakiwemo waliotoka kuzika. Hakuna aliyemsema mwenzake. Filamu ikiwanyima wahusika wake haki ya kutaka jambo dogo kama mpira, mimi huizima.

Nikuonye tu kwamba Kiarostami hakupi jibu la iwapo watoto wamepatikana. Ukiwa mtu wa kutaka majibu utaudhika, lakini watafute katika filamu yake nyingine, Through the Olive Trees (1994), utawaona wakipita.

Kwa anayetaka kulia waziwazi kuna Aftershock (2010) ya Feng Xiaogang, kuhusu tetemeko la Tangshan, China, la tarehe 28 Julai 1976, ambalo kwa takwimu rasmi liliua watu zaidi ya 240,000. Pacha wawili wamebanwa na zege moja, ukiinua upande huu unamponda wa upande ule. Mama anaambiwa achague. Kwa sauti iliyokauka anamtaja wa kiume, na binti aliye chini ya kifusi anasikia. Yote hayo yanakwisha mapema, kinachobaki ni miaka 32 ya watu wasiojua namna ya kuishi na neno lililokwisha kutamkwa. Muziki unasukuma mno kwa maoni yangu. Lakini usiipuuze nyanya ya mwanzoni, ile anayopewa kaka huku binti akiahidiwa nyingine kesho. Sitasema zaidi.

Voices in the Wind (2020) ya Nobuhiro Suwa inakwenda polepole, usiianze ukiwa na usingizi. Msichana aliyepoteza familia yake kwenye tsunami ya Japani ya tarehe 11 Machi 2011 anasafiri hadi mji wa Otsuchi, kwenye kibanda cha simu isiyounganishwa na waya wowote. Kibanda hicho kipo kweli. Itaru Sasaki alikiweka bustanini kwake mwaka 2010, kabla ya tsunami, ili azungumze na binamu yake aliyefariki, na baada ya janga waliofiwa wakaanza kwenda.

Sasa, ukitazama na mtu aliyepitia janga. Watu huhofia picha, lakini mimi nimeona sauti ndiyo inayoumiza. Mama yangu mdogo, aliyeokolewa juu ya paa, alilitazama wimbi la Bayona bila kupepesa, kisha siku nyingine akatoka chumbani kwa sababu ya mvua ya kawaida kwenye tamthilia ya mapenzi. Basi itazame filamu kwanza peke yako, ujue kelele ziko wapi, na rimoti iwe mkononi mwake. Mwambie mapema kinachokuja. Utamu hautapungua, filamu hizi hazitegemei kushtukiza. Na maandishi ya mwisho yakianza kupanda usimrukie na "kwenu ilikuwaje?" Akitaka kusema atasema, pengine wiki ijayo mkiwa mnafanya shughuli nyingine kabisa. Mkilazimika kukatiza katikati, katizeni. Aftershock inazidi saa mbili, na hakuna aliyekodi ukumbi.