Jalala limefungwa, wanaomba kulegezewa viwango: ulizeni kwanza kisima cha kulinganishia kiko wapi

Ndugu yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Kampuni yenye jalala lililofungwa nyuma ya mtaa wenu imeomba ilegezewe viwango vya kloridi (aina ya chumvi), chuma na manganizi kwenye maji ya chini ya ardhi, ikisema madini hayo ni ya asili. Mmeitwa mkutanoni, na unauliza kama mkubali au mkatae. Mimi nilipima maji miaka sita kwenye jalala la namna hiyo, nje kidogo ya Lubumbashi, huku Kongo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kuomba unafuu peke yake si kosa. Marekani, kwenye kanuni za majalala ya miji zilizotolewa mwaka 1991, mwenye jalala hulitunza na kupima maji miaka 30 baada ya kulifunga, na mamlaka inaweza kupunguza au kuongeza muda huo. Kanuni hizo hizo zinaruhusu kuacha kusafisha maji kwa sababu chache: kama yamechafuliwa pia na chanzo kingine na usafishaji hautapunguza hatari kwa kiasi cha maana, kama hakuna anayeyanywa wala anayetarajiwa kuyanywa na hayaungani na maji ya kunywa, au kama kitaalamu haiwezekani. Tena, pale ambapo maji ya asili tayari yamepita kiwango cha maji ya kunywa, kipimo kinakuwa hicho cha asili. Hilo naliona ni haki. Ardhi yetu ya Katanga ina shaba na chuma tangu zamani, na hakuna wa kulipishwa kwa alichokiweka Mungu.

Lakini shida yote imejificha kwenye hilo neno "asili". Asili inapimwa kwenye kisima kimoja au viwili vya upande wa juu, yaani upande ambao maji yanatokea kabla hayajapita chini ya taka. Sisi tuliviita piezometa. Kisima cha juu kikiwa safi, tofauti na visima vya chini inaonekana wazi. Kikiwa kichafu, uchafu wa jalala unahesabiwa kuwa asili, na jalala linaoshwa na karatasi.

Kwetu cha juu kilikuwa karibu na kichuguu, kama mita 40 kutoka ukingo wa taka. Tulikuwa tukipima Julai na Agosti, kwa sababu wakati wa mvua gari lilikwama kwenye udongo mwekundu. Kwa miezi hiyo maji yalionekana kweli yanatoka kichuguuni kwenda bondeni. Mwaka wa nne nikaenda mwezi wa Machi kwa miguu, na sonda begani. Unaishusha kwa utepe wenye alama za sentimita, na ikigusa maji inalia. Siku ile, hata baada ya kuhesabu mwinuko wa mdomo wa kila kisima, maji ya katikati ya jalala yalikuwa juu kuliko ya kichuguuni. Nikarudia mara tatu. Mvua ilikuwa imepenya mfuniko wa udongo uliopasuka, maji yakajaa ndani ya taka yakawa kama kilima, na yalikuwa yakishuka pande zote, hata kuelekea kile kisima tulichokiita cha juu. Maji niliyoyatoa mle yalikuwa safi kwa macho, lakini kifaa cha kupima chumvi kilionyesha karibu mara tatu ya Agosti.

Niliandika yote kwenye fomu ya siku hiyo. Ripoti iliyopelekwa kwa wakubwa ilichukua namba ya kloridi ya Machi na kuiita asili ya eneo. Vile vipimo vya kina cha maji, ambavyo pamoja na mwinuko wa visima vinaonyesha maji yalikuwa yanakwenda wapi, havikuwemo. Unafuu ukaombwa kwa namba hiyo. Nilipouliza, niliambiwa kazi yangu ni kuchukua sampuli. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu chini ya bonde kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akichota bidoni (madumu) nne kila asubuhi, na kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, mayi iko muzuri?"

Kuhusu chuma na manganizi, msikubali haraka mkiambiwa vinatoka kwenye udongo. Ni kweli vinatoka kwenye udongo. Lakini taka zikioza zinamaliza oksijeni kwenye maji, na maji yasiyo na oksijeni yanayeyusha chuma na manganizi vilivyokuwa vimetulia kwenye mawe na laterite, yaani ule udongo mwekundu wenye chuma, na mahali pengine hata aseniki, ambayo ni sumu. Madini ni ya ardhi, aliyeyafungulia ni jalala. Kwa hiyo waulizeni vipimo vya oksijeni na amonia, visima vya juu na vya chini. Amonia, ambayo hutokana na taka zinazooza, ikiwa nyingi kwenye visima vya chini tu, hadithi ya asili inayumba. Kloridi nayo inakwenda na maji bila kushikwa na udongo, ndiyo maana huwa ya kwanza kufika visimani.

Sababu ile ya "hakuna anayekunywa" isipite mbele yenu kabisa. Lubumbashi bomba likikauka sote tunarudi kisimani, na wengine hawajawahi kuwa na bomba. Hesabuni visima vyote vya upande wa bonde, avenyu kwa avenyu, na idadi ya nyumba zinazovitumia, kisha shefu wa avenyu atie sahihi.

Mimi nisingekataa wala kukubali mkutanoni. Ningedai vipimo vya kina cha maji vya visima vyote, vya kiangazi na vya masika, pamoja na ramani ya visima hivyo na mwinuko wa mdomo wa kila kimoja, na ningeomba kisima kipya cha juu kichimbwe mbali zaidi na taka kabla ya uamuzi wowote. Wakitoa hivyo na namba zikasimama, wapeni unafuu wao, ila kwa muda na kwa masharti ya kuendelea kupima.

Na msisubiri wao. Chukueni kamba yenye mafundo kila nusu mita na jiwe mwishoni, mpime visima vyenu kila Jumamosi, muandike tarehe kwenye daftari moja. Anzeni sasa, kabla mvua za Novemba hazijashika.