Maswali ya Wasomaji: Korosho, Unyevu na Vigeu Tegemezi

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Ninasoma uhandisi, na likizo hii niko nyumbani Masasi, ambako ninajaribu kuiga kwa kompyuta namna korosho ghafi zinavyokauka juani na zinavyovuta unyevu tena zikiwa ndani ya magunia ghalani. Programu inanitaka nitaje vigeu tegemezi. Nimetaja vitano: halijoto, kiasi cha maji ndani ya korosho, unyevuanga, kanieneo ya mvuke na kasi ya hewa; programu ikashindwa kufikia jibu. Nilipobakiza kiasi cha maji peke yake jibu lilipatikana, lakini kati ya ganda na kiini maji yanahamia upande usioingia akilini. Nichague vipi?
Msomaji, Masasi

JIBU: Kigeu tegemezi ni kile ambacho programu inakitafuta kwa kusuluhisha mlinganyo, katika kila nukta na kila wakati, mahali na wakati ndivyo vigeu huru. Uchaguzi wake basi huanzia kwenye milinganyo, wala si kwenye orodha ya mambo unayotamani kuyaona kwenye grafu. Kukauka kwa korosho kunatawaliwa na uhifadhi wa tungamo la maji na uhifadhi wa nishati, kwa hiyo vigeu viwili vinatosha: halijoto na unyevuanga. Ukishapata halijoto na unyevuanga, kanieneo ya mvuke ni zao la unyevuanga na kanieneo ya mvuke ulioshiba, ambayo kwa nyuzi 30 za Selsiasi ni takriban paskali 4,240. Kiasi cha maji nacho husomwa kwenye mkunjo wa msawazo wa unyevu wa korosho, yaani grafu inayoonyesha korosho hushika maji kiasi gani zikitulia katika kila kiwango cha unyevuanga.

Ninaelewa kwa nini ulikimbilia kiasi cha maji: ndicho kinachosomwa na kipima unyevu kwenye chama cha msingi, na ndicho mnunuzi anachokiuliza. Hata hivyo, hapo ndipo penye kosa la jibu lako la pili. Karibu nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, na mafuta hayashiki maji, hivyo kiini na ganda vilivyotulia katika hewa ileile hubeba asilimia tofauti za maji bila maji yoyote kuhama kati yao. Programu huchukulia kwamba kigeu tegemezi hakiruki ghafla mpakani. Ukikipa kiasi cha maji, italazimisha asilimia zilingane na kuyasukuma maji mahali ambapo, kwa kweli, yametulia. Unyevuanga hauna mruko huo, na ndiyo sababu wanaohesabu unyevu wa kuta za nyumba, zenye tabaka za vifaa tofauti, huutumia. Mtiririko wenyewe uache ufuate tofauti ya kanieneo ya mvuke, ikikokotolewa kutokana na vigeu vyako viwili.

Kuna tahadhari moja. Katika sehemu ya mlinganyo inayohusu badiliko la maji kwa wakati, acha kiasi cha maji chenyewe, usikibadilishe kuwa mteremko wa mkunjo uliozidishwa na badiliko la unyevuanga. Mkunjo ukipinda sana, njia hiyo ya pili hupoteza maji ndani ya hesabu. Mwaka 1990 Celia, Bouloutas na Zarba walilionyesha jambo hilohilo kwa maji yanayopenya udongoni. Unaweza kujikagua kwa kulinganisha maji yaliyopungua ndani ya korosho na yaliyopita kwenye uso wake.

Vipimo pia vina neno: halijoto yako itakuwa karibu kelvini 303 na unyevuanga hauzidi 1, hivyo mpe kila kigeu ukubwa wake wa kawaida, ili kosa la kimoja lisifichwe na kingine.

Kuhusu kasi ya hewa, inategemea unaiga nini. Korosho zilizoanikwa hupigwa na upepo ambao hazina uwezo wa kuubadilisha. Kasi yake ipime, uiingize kama thamani iliyotolewa. Ghala lenye feni litakuruhusu kusuluhisha mtiririko wa hewa kwanza, kisha kuutumia bila kuuhesabu upya katika hatua ya unyevu na joto. Ghala lisilo na feni ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa humo hewa huendeshwa na joto lenyewe, na hapo kasi na kanieneo ya hewa lazima vitafutwe pamoja na halijoto. Kwa kompyuta ya mwanafunzi, ningeanza na korosho moja iliyoanikwa.