Rimiksi au ya asili? Kuhusu Salsoul Orchestra

Ndugu yangu, umeuliza kama kwenye sherehe ya dada yako upige nyimbo za Salsoul Orchestra, bendi ya disko ya miaka ya 1970, zile za asili au rimiksi, yaani matoleo yaliyopangwa upya. Watu wakishasimama, piga rimiksi. Lebo yao ya New York, Salsoul, yaani salsa na soul, ndiyo iliyotoa “Ten Percent” ya kundi la Double Exposure mwaka 1976 kwenye santuri ya inchi 12. DJ Walter Gibbons aliuvuta wimbo ule ukapita dakika 9, akaziachia ngoma nafasi ya kutamba. Utamu wote uko hapo! Za asili, zenye sauti laini ya vibrafoni, ala ya vibao vya chuma, ya kiongozi wa bendi Vince Montana, weka mapema wageni wakiwa bado wanakula. Na tafadhali, rimiksi usiikate katikati. Ngoja ala zote zirudi.