Umehamia Madale, mtoto asome wapi? Maswali ya wazazi wa pembezoni mwa Dar

Goba, Madale, Chanika, Chamazi, Mapinga: nyumba imepauliwa, familia inataka kuachana na kodi ya mjini, na swali la shule linakuja dakika ya mwisho, wakati fundi anamalizia madirisha. Nimechagua barua saba ambazo zinafanana na nyingine nyingi nilizopokea.

Tunahama Sinza kwenda Madale Desemba hii. Binti yetu anaanza darasa la kwanza Januari. Mume wangu anataka shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Mimi naona kuna ya serikali dakika kumi kwa miguu. Nani yuko sahihi? (Mama wa mtoto mmoja)

Dada yangu, msibishane kabla hamjaziona shule zenyewe. Nendeni wote wawili, na iwe siku ya kawaida ya masomo. Siku ya mahafali kila shule inapendeza.

Anzeni na idadi. Kiwango cha Serikali ni watoto 45 kwa chumba kimoja cha shule ya msingi. Maeneo kama ya kwenu watu wamejenga haraka kuliko madarasa, kwa hiyo mnaweza kukuta zaidi ya mara mbili ya hapo. Ulizeni darasa la kwanza lina mikondo mingapi, walimu wangapi, na kama watoto wanaingia kwa zamu. Zamu ya mchana ina swali lake: asubuhi yote mtoto atakuwa na nani nyumbani?

Kisha mwombeni mwalimu mkuu mkae nyuma ya darasa la pili wakati wa kusoma. Hapo ndipo penyewe. Mtoto wa miaka saba ana uwezo mkubwa wa kukariri. Atakusomea ukurasa mzima kidole kikiwa mstari mwingine kabisa. Mwalimu aandike ubaoni sentensi isiyokuwamo kitabuni, halafu mtoto mmoja mmoja asome, bila darasa zima kuitikia. Wakiweza wengi, shule hiyo ina mwalimu. Fungueni na madaftari mawili matatu. Angalieni kama kazi imesahihishwa wiki hii, na kama alama ya vyema haikuwekwa kwenye jibu lililokosewa. Nendeni mpaka vyooni, mhesabu matundu: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Maji yapo?

Shule binafsi nayo ipimeni kwa kipimo kilekile. Watoto watawasalimia kwa Kiingereza cha kuimba, na mume wako atafurahi. Basi mwulize mtoto mmoja, kwa Kiingereza hichohicho, asubuhi amekunywa nini na nani amemsindikiza. Msikilizeni na mwalimu anapozungumza na watoto uwanjani. Kama mwalimu mwenyewe anababaika, binti yenu atapita miaka sita akikariri maneno asiyoyaelewa, na mtakuwa mmelipia.

Kwangu mimi, darasa la pili la shule ya jirani likisoma, mpelekeni huko na ada mtakayookoa inunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili na Kiingereza. Lisiposoma, mume wako ana hoja.

Tangu tuhamie Chanika, mwanangu wa miaka sita anachukuliwa na gari la shule saa 11 kasoro robo alfajiri na kurudi saa 11 jioni. Shule iko mjini, ni nzuri, sitaki kumtoa. Nimsaidieje? (Baba)

Baba, mtoe muhula ukiisha.

Najua si jibu ulilolitaka, lakini piga hesabu nami. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto wa umri huo alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Ili awe barabarani saa 11 kasoro robo, anaamshwa saa 10. Apate saa 9 tu, kiwango cha chini kabisa, lazima awe amelala saa 1 usiku. Amefika saa 11 jioni. Ndani ya saa mbili hizo aoge, ale, afanye kazi ya nyumbani, na akuone wewe, kama umefika. Kucheza hakumo. Usingizi anaoupata kwenye kiti cha gari, shingo imelala begani kwa mwenzake, hauwezi kuwa badala ya kitanda. Mwalimu wa saa 4 asubuhi anampokea mtoto aliyechoka, kisha taarifa ya muhula inakuja imeandikwa "aongeze bidii".

Shule ya wastani iliyo karibu itamfaa mtoto wa miaka sita kuliko nzuri ya mbali. Akifika darasa la sita, nitakujibu vingine.

Wakati unasubiri muhula uishe, panda gari hilo siku moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mhudumu anahesabu watoto wakati wa kushuka, au anaamini tu kwamba wameisha? Anakagua viti vya nyuma? Watoto wanakaa wangapi kwenye kiti cha wawili? Na tafadhali, usije ukabadilisha gari kwa bodaboda inayobeba watatu, mdogo akikaa juu ya tangi la mafuta. Tunaiona kila asubuhi mpaka imekuwa kawaida, na inaua.

Shule ya serikali ni bure kweli? Mbona jirani yangu kila wiki anatoa hela? (Mama mjasiriamali, Goba)

Ada haipo. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kutoka awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Kilichobaki ni sare, viatu, madaftari, uji au chakula cha mchana, na mara nyingi mitihani ya majaribio. Ukijumlisha kwa mwaka ni pesa ya kuonekana, ingawa haifikii ada ya binafsi. Michango inatakiwa ikubaliwe na wazazi kwenye kikao, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Kwa hiyo hudhuria vikao, uliza mapato na matumizi, dai risiti. Wazazi wanaofika kikaoni ndio wanaoamua uji uwe na sukari au usiwe nayo.

Ujenzi umetumaliza. Mwanangu yuko darasa la tano ingilishi midiamu na ada imenishinda. Nikimpeleka ya serikali atapotea? (Baba wa watatu, Chamazi)

Hatapotea, ila miezi ya kwanza itakuwa migumu, na ugumu utatokea mahali usipoutegemea. Kiingereza chake kitambeba. Hisabati na sayansi ndizo zitakazomsumbua, kwa sababu anayajua mambo lakini hajui yanaitwaje darasani. Mtoto anayekokotoa vizuri kabisa anakaa kimya mbele ya swali la KDS, kigawe kidogo cha shirika, akidhani ni somo jipya. Tafuta vitabu vya Kiswahili vya darasa la nne na la tano, mpitie pamoja likizo nzima kabla hajaanza. Mwambie mwalimu wa darasa ukweli mapema, asije akamwona mzembe.

Kuhusu taratibu, uhamisho unapitia kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, ambamo kila mwanafunzi ana namba yake. Hakikisha jina lililomo linafanana herufi kwa herufi na la cheti cha kuzaliwa. Usimhamishe kimyakimya, na usisubiri darasa la mwisho, kwani akishasajiliwa kwa mtihani kumhamisha kunakuwa shida tupu. Wale mnaohamia Mapinga kumbukeni uhamisho wenu ni wa mkoa kwenda mkoa: mmeingia Halmashauri ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani, hata kama daladala yenu inaishia Dar.

Jambo moja zaidi, baba. Mweleze mtoto sababu. Wa darasa la tano anaelewa maneno "pesa haitoshi mwaka huu". Asichokielewa ni kuhamishwa kama adhabu.

Shule moja huku imetundika bango kubwa: wote wamepata A darasa la saba. Niamini? (Mzazi, Kigamboni)

Matokeo ya kila shule yako wazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, shule za binafsi na za serikali. Yafungue, ya miaka mitatu. Tazama watahiniwa walikuwa wangapi. Kisha uliza darasa hilohilo lilikuwa na watoto wangapi lilipokuwa la tano. Kama walikuwa 60 na waliofanya mtihani ni 31, wale wengine walikwenda wapi? Zipo shule zinazowarudisha darasa au kuwaondoa watoto wanaoonekana watashusha wastani, na Serikali imekemea mchujo huo mara nyingi. Mtoto anayeachwa njiani anaweza kuwa wako.

Shule inayowapokea wote na kufikisha wengi B na C kwenye darasa la watoto 140 ina walimu hodari kuliko ile yenye bango. Kuanzia matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule bora kitaifa. Nadhani lilifanya vyema.

Huku Chanika ndani hakuna shule ninayoiamini. Nimpeleke bweni mtoto wa darasa la tatu? (Mama)

Hapana. Waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Hata usingekuwepo ningekujibu hivihivi: mtoto wa miaka minane anahitaji mtu wa kumwangalia usiku akipata homa, na wa kumsikiliza akiguswa vibaya. Kama una ndugu unayemwamini kabisa karibu na shule nzuri, hiyo angalau izungumzwe. Lakini kwanza nenda ofisi ya afisa elimu kata, ukaulize kama kuna shule mpya inayojengwa. Miaka hii zimejengwa nyingi pembezoni, nyingine wazazi hawazijui.

Nina wajukuu wawili Goba. Baba yao ana uwezo wa kulipa ada ya miaka michache tu kwa kila mmoja. Aitumie msingi au aitunze kwa sekondari? (Babu, mstaafu)

Shikamoo mzee wangu. Ningemshauri alipie mwanzo iwapo madarasa ya chini ya shule ya jirani yamefurika kiasi kwamba mwalimu hafiki dawati la nyuma. Kusoma kukikosewa darasa la kwanza na la pili, kila mwaka unaofuata unalipia deni hilo. Lakini ikiwa shule hiyo inawafundisha kusoma vizuri, pesa itunzwe. Kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, na watoto wengi wenye akili wananyamaza mwaka mzima. Mtaala mpya umeleta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza, na hilo litasaidia, ila mtoto wa shule ya Kiswahili bado atahitaji mtu wa kumsomesha Kiingereza taratibu tangu darasa la tano, si wiki sita za haraka akishamaliza mtihani.

Tena angalia wajukuu wako wako darasa gani sasa. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 darasa la saba la mwisho litamaliza pamoja na darasa la sita la kwanza. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo, shule za kata na za binafsi pia. Kama mmoja wa wajukuu yumo kwenye makundi hayo, baba yake atenge ya sekondari kuanzia leo, na ifikapo katikati ya 2027 awe ameshatembelea shule mbili au tatu kuulizia nafasi.