Usiufuate Mshale kwa Macho: Kwa Wasimamizi Wapya wa Mstari

Wewe uliyejitolea kuja kutusaidia na vijana Jumamosi jioni, karibu. Najua umekuja kwa kuwa unapenda upinde, na hilo ndilo litakalokutesa. Mshale ukiachiwa, jicho la mtu huufuata lenyewe. La msimamizi halina ruhusa hiyo. Utasimama nyuma ya watoto, kando kidogo, ukitazama vidole, viwiko na nyayo, na kila mara ukitupa jicho huko nyuma ya shabaha kuona nani anapita. Mshale umepiga wapi, hiyo ni habari ya mwenyewe aliyelenga.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye kiwanja tulichoazimwa upande wa Likoni, kuna binti alikuwa akipoteza mishale nyasini wiki baada ya wiki. Siku hiyo akapiga njano, ule mviringo wa katikati, kisha akapiga njano tena. Nikatoa macho kwenye karatasi ya shabaha kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. Anauvuta wa tatu, mwenziwe wa pembeni akaniita, "Mwalimu, mbuzi!" Nyuma ya marobota ya nyasi anapita mbuzi, na nyuma ya mbuzi kitoto cha miaka sita hivi na fimbo yake. Nilipuliza firimbi mpaka mate yakanikauka. Binti akaushusha upinde taratibu, mshale bado uko kwenye ugwe, ile kamba ya upinde, kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeumia, lakini sifa ni za wale wasichana wawili. Tangu siku hiyo tunafunga kamba huko nyuma, na mtu mzima hukaa kwenye njia ya mkato, hata kama siku hiyo tumepungukiwa na walimu.

Firimbi zenyewe ni chache. Mbili: njooni mstarini. Moja: anzeni. Tatu: pinde chini, tukachukue mishale. Mfululizo: acha hapo hapo ulipo. Ndizo wanazozisikia hata wa mashindano ya kimataifa, kwa hiyo usitubunie zako. Ile ya tatu usiipulize kwa kuwa wengi wamemaliza. Hesabu pinde zilizo chini, moja moja. Na mshale ukimponyoka mtoto ukaanguka hatua mbili mbele yake, atautaka. Watoto wote huutaka. Haufuatwi.

Mahali ambapo watu wazima hulegea ni pale kwenye shabaha, wakidhani hatari imekwisha. Mshale uliokwama huchomolewa kwa nguvu, na mkia wake hurudi nyuma usawa wa uso wa mtoto mfupi. Mfundishe kila mmoja: geuka uone nani yuko nyuma yako, bandika kiganja kwenye karatasi, shika mshale karibu kabisa na karatasi, vuta moja kwa moja bila kuupindua. Wengine wangoje kando, mikono nyuma. Na wasikimbie kwenda wala kurudi.

Mgeni hapewi upinde kabla hujajua jicho lake. Mwambie anyooshe mikono, aunganishe viganja aache tundu dogo, na kwa macho yote mawili atazame kichwa cha mnazi mmoja kupitia tundu hilo. Kisha afumbe jicho moja. Mnazi ukibaki, jicho lililo wazi ndilo linaloongoza. Ukitoweka, ni lile jingine. Nimemwona kijana akihangaika miezi miwili, mishale yote inakwenda kando, tukimlaumu mkono. Kumbe jicho lake ni la kushoto na sisi tumempa upinde wa kulia.

Wavulana watataka upinde mzito kuvuta. Wape wa ratili 16 hadi 20, na wakinuna wanune. Anayetetemeka akivuta hajifunzi kulenga, anajifunza kutetemeka. Tena asivute akaachia ugwe bila mshale kwa mzaha: nguvu iliyokuwa iende na mshale hubaki kwenye mbao, na upinde unaweza kupasuka mkononi mwake.

Kusi likivuma jioni, usiwahangaishe na hesabu za upepo. Wasogezee shabaha karibu, mita 10 zinatosha.

Wazazi watakuuliza. Bibi mmoja kutoka Kilifi, ambaye hata husema "uta" na si upinde, alitaka kujua kama tunapaka utsungu, ile sumu Wagiriama waliyowindia. Nilimpa mshale aushike. Akaugusa ncha, butu kama ya penseli iliyotumika, akacheka. Mwingine atauliza mchezo huu unampeleka mtoto wapi. Mwambie Shehzana Anwar alikuwa mlenga shabaha wa upinde, na ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016. Huko hulenga kwa mita 70. Usimuahidi zaidi ya hapo.

Ukivuka feri na vifaa, upinde uwe umeshatolewa ugwe na uko ndani ya mfuko, mishale kwenye mfuko mwingine. Askari akiuliza, fungua umwonyeshe bila kuchekacheka. Mimi niliwahi kufanya utani pale, nikakosa feri mbili.

Na la mwisho kabla ya kufunga ni hesabu. Watoto sita, mishale sita kila mmoja, ni 36. Asubuhi kiwanja hicho kina watoto wa mpira, wengi wao miguu mitupu. Ikiwa 35, hakuna anayeondoka. Tunapanga mstari, tunaenda bega kwa bega na reki. Maghribi ikitukuta tunawasha tochi za simu na kuzilaza chini chini, maana mshale uliozama nyasini hauonekani kwa kuuinamia; unaonekana ukitupa mwanga pembeni, manyoya yake yakang'aa.