Kijana akisema "mimi ni mzigo tu"

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, vijana wengi wanamaliza chuo, wanarudi kukaa kwa wazazi au kwa mjomba, na miaka inapita bila kazi. Umaskini peke yake haumalizi hamu ya kuishi. Hatari huongezeka kijana anapoamini kwamba anakula jasho la wenzake na kwamba akiondoka watapumua. Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Marekani, anataja mambo mawili yanayozaa tamaa ya kufa: kujiona mzigo, na kujiona huna watu wako.

Binamu yangu alikuwa hivyo. Alikaa kwetu Kadutu, diplome yake ndani ya bahasha. Hakulia. Alianza kukataa chakula cha jioni, eti watoto wale kwanza. Akagawa nguo zake nzuri, akaacha kwaya. Nyumbani wakamsifu kwamba amekuwa mpole. Mimi upole ule ulinitia hofu. Nikamwita pembeni, nikamuuliza bila kuzunguka: "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

"Yaya," akajibu, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "nimechoka kuwalemea."

Watu wengi wanaogopa swali hilo, wakidhani litamtia mtu wazo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakuchochei kujiua. Na si jambo la nadra: mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo duniani kwa watu wa miaka 15 hadi 29.

Akishakujibu, usimwambie wengine wana shida kuliko yeye, wala kwamba ni dhambi. Anayajua, na yanamwongezea aibu. Msikilize, usimwache peke yake usiku huo, na ondoa nyumbani kila anachoweza kujidhuru nacho. Hili la mwisho watu hulidharau: "mwenye nia atapata njia nyingine." Kwa wengi si hivyo. Tamaa ya kufa hupanda ghafla kisha ikapungua, na muda mnaompatia unaweza kumwokoa.

Sisi tulimpeleka SOSAME, kituo cha afya ya akili hapa mjini. (Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi, kituo cha Joseph Guislain.) Jirani mmoja alinong'ona kwamba tunamfanya kichaa, mwingine akataka tuanzie chumba cha maombi. Kuomba tuliomba, sina ugomvi na maombi, lakini daktari tulimwona.

Nyumbani nikampa kazi ya kweli: kumfundisha binti yangu hesabu, maana Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ilikuwa karibu. Haikuwa ya kumfariji. Asingefundisha yeye, mtoto angekosa mwalimu, na yeye alilijua hilo.

Na kama ni wewe unayesoma hapa ukiwaza hivyo, mwambie mtu mmoja leo, hata kwa ujumbe wa maneno matatu: "Siko salama, njoo."

Wanaotoka kulazwa wasiachwe wakati familia inashangilia. Wiki za kwanza baada ya kurudi nyumbani zina hatari kubwa. Mfuate, mle ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, umsindikize siku ya kurudi kwa daktari. Habari za kazi zisubiri.